Mguu wa Nawfa na Kahawa ya Wazee

Kaka yangu Mnawir aliwaambia watu waliomgonga dada yetu wanywe kahawa yao, na hakumuuliza aliyegongwa. Kosa ni hilo. Nalitaja mwanzo ili mtu asije akasema baadaye kwamba nalalamikia ukoo mzima, au mahakama, au taa za barabarani. Kahawa yenyewe niliipika mimi. Niliipika kwa ahadi aliyonipa mlangoni pa jiko, kwamba kabla mzee wa ujumbe uliokuja kuomba msamaha hajagusa kikombe, atalitamka neno la Nawfa mbele ya wanaume wote. Vikombe vikarudi jikoni vitupu, na neno halikutamkwa.

Nawfa ni dada yangu mkubwa. Mama yetu alifariki nikiwa bado wa kubebwa, na yeye akanibeba. Wachumba walikuja, watu wazuri tu, na kila aliyekuja alijibiwa kupitia kwa baba kwamba Nawfa akiondoka, huyu mtoto nani atamsuka nywele. Nikakua, nikaolewa mimi. Mume wangu akanikimbia akaenda kwa mke mwingine huko Zarqa, nikarudi na mwanangu Hamdan mgongoni, nikamkuta Nawfa yuko pale pale, kwenye vile vyumba viwili juu ya nyumba ya Mnawir. Hakuniuliza chochote. Alimpokea mtoto, akanitazama, akasema, "Kaa chini, kichwa chako kimekuwa kama kiota." Akachukua chanuo. Sijawahi kupokelewa na mtu mwingine namna ile.

Kazi yake ilikuwa uhudumu katika shule ya msingi ya wasichana, ng'ambo ya barabara kuu. Alifungua lango asubuhi, akafagia madarasa, akapika chai ya walimu, akafunga lango mchana. Kazi ya kuvusha watoto hakuajiriwa kuifanya. Alianza mwenyewe, kwa sababu kila alipofunga lango alisikia breki, na akawa hawezi kugeuza ufunguo mpaka asikie pia sauti ya mtoto akicheka upande wa pili.

Mtu wa mtaa wetu, hapa mashariki mwa Amman, haambiwi njia panda ya Tanuri ikoje. Magari yanateremka mlima, na mlima unayasukuma. Wanaokata kulia wanaamini taa nyekundu iliwekwa kwa ajili ya wengine. Kando kuna kibanda cha kahawa, na dereva akiitaka hashuki; anapiga honi, anasimama katikati ya njia, kikombe kinaletwa dirishani, halafu anaondoka na kikombe mkono huu, simu mkono ule, na usukani sijui ameuachia nani. Mistari myeupe ya waendao kwa miguu ndiyo maegesho, kwa kuwa ndipo panapobaki wazi. Na honi kwao ndiyo breki. Wakishakupigia wanaona wamemaliza wajibu wao, kilichobaki ni chako na Mungu wako.

Nawfa aliingia pale kama mtu anayeingia chumbani mwake. Fagio la plastiki jekundu juu, wasichana nyuma wameshikana mikono, wa kwanza ameshika pindo la abaya yake. Madereva wa teksi walimzoea.

"Haya shangazi, pitisha jeshi lako."

"Jeshi linapita. Wewe rudisha pua ya gari nyuma ya mstari."

"Mstari gani? Ulifutika tangu nikiwa na nywele."

"Basi rudi nyuma mpaka zilipo nywele zako."

Wasichana walicheka mpaka mikoba ikawaanguka, na dereva akarudi nyuma huku naye anacheka. Wapo waliomtukana pia. Hao aliwajibu kwa dua, kwa sauti kubwa, akimwomba Mungu awape mabinti wengi na wote wasome shule ile.

Siku aliyogongwa ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ni siku ya harusi. Alikuwa ameshawavusha wasichana wote, amerudi kufunga lango, sasa anakuja nyumbani peke yake. Nami nilikuwa dirishani juu, naangalia wali usiungue na naangalia barabara, kama kila siku.

Msafara ukateremka na mlima. Mbele gari la bibi harusi limefungwa utepe na maua, nyuma yake jamaa wote, honi zinapigwa kwa mdundo, vijana wametoka madirishani mpaka kiunoni. Na msafara wa harusi kwetu haukatwi. Dereva akibaki kwenye taa nyekundu, wenzake watamcheka ukumbini mpaka sahani ziondolewe, na watamuuliza kama alikuwa anangoja mama yake aje kumvusha. Hakuna mzee niliyewahi kumsikia akimwambia mwanawe, acha waende, wewe simama. Wote tunajua, na wote tunapiga vigelegele.

Nawfa alipenda harusi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Bibi harusi wa nani, hakujali. Alisimama ukingoni, akaweka mkono mdomoni, akapiga kigelegele kile chake kirefu, na msafara ukapita. Taa ya magari ikawa nyekundu. Watu wakaanza kuvuka, naye akavuka nao, bado anageuza shingo kutazama utepe. Gari la mwisho, nalo lenye utepe na maua, lilikuwa limechelewa kule juu. Likaja kuwakimbilia wenzake.

Waliokuwa mbele waliruka. Yeye hakuwahi.

Nilishuka ngazi bila viatu. Nilipofika, kijana aliyekuwa akiendesha, jina lake Mutaz, alikuwa amepiga magoti lamini anamwita. "Shangazi, usife. Shangazi, nakuomba, usife." Alikuwa na suti mpya, na ua kwenye mfuko. Hatukungoja gari la wagonjwa. Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, na yule kijana akaendesha huku analia, nje maua yanapigwa na upepo, utepe unapepea kwenye vioo, na watu njiani wanatupungia mikono wakidhani tumembeba bibi harusi. Katikati ya hayo nikasikia sauti ya Nawfa, ndogo kabisa.

"Mwanangu."

"Naam, shangazi."

"Sifi. Ila hizo taa ulizopita ni nyekundu mbili nyingine. Punguza."

Hospitali muuguzi alimuuliza kama ana mume wa kupigiwa simu. Akasema, "Hapana. Lakini leo nimepanda gari la harusi kwa mara ya kwanza, andika hivyo." Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika na nyonga imepasuka. Utani ule aliusema huku akiuma kona ya mtandio.

Askari walimchukua Mutaz pale pale kwenye korido, na suti yake. Baadaye ukoo wake ukaja kuomba muda wa suluhu kama ilivyo desturi, wakapewa, kijana akatoka kwa dhamana, kesi ikabaki inangoja wazee wamalize. Nami nikabaki na Nawfa. Nilimwosha, nikamgeuza, nikamsuka. Nywele zake zimekuwa nyeupe mashinani na bado nyekundu nchani kwa hina, na kila nilipomsuka alinikosoa. "Umelegeza. Mimi nilikuwa nakukaza mpaka macho yanapanda." Nilimkaza mpaka naye akalalamika, na tukacheka. Nasema haya ili ijulikane kwamba miezi ile haikuwa ya kilio tu. Hamdan, ambaye siku hizi ni mwanamume mwenye ndevu, alimtengenezea reli ya mbao ukutani, na jioni Nawfa alitembea kando ya reli hiyo akiuimbia mguu wake kama mtoto mgonjwa.

Mguu ukapona kwa namna yake. Akaanza kutembea na kile kiegemeo cha chuma chenye miguu minne. Mwalimu mkuu akatuma salamu kwamba nafasi yake inamngoja mpaka mwisho wa likizo ya majira ya baridi. Asubuhi moja tukashuka pamoja tukaone. Ngazi akazishuka. Kibanda cha kahawa akakipita, wakamsalimia. Akafika ukingoni mwa barabara, taa ikawa yetu, watu wakavuka, naye akasimama. Nikamshika mkono. Akakikaza kile chuma chake chini, hakukisogeza.

"Mguu unauma?"

"Mguu hauna neno," akasema. "Haunitii."

Tulijaribu tena, na tena siku nyingine. Nikimvuta anakuwa mzito kama gunia la ngano. Wasichana waliotuona kutoka ng'ambo walimpungia mikono wakimwita, naye akawapungia, machozi yanamtoka, miguu haitoki.

Hapo ndipo aliponiambia anachokitaka. Tulikuwa tumekaa jikoni na chai. Akasema hataki yule kijana afungwe, wala hataki kitu cha kwao. "Nataka aje. Anishike mkono, anivushe kwa miguu, taratibu, mpaka langoni. Yeye ndiye aliyeniacha katikati. Nikivushwa na yeye nitajua imekwisha, nami nitavuka siku zote." Nikamwambia ni jambo dogo. Akasema, "Kwa hiyo hawatalikataa."

Wazee walipotaka kuja kumaliza, nikamshukia Mnawir. Nilimkuta mlangoni pa jiko ananyoosha koti lake, nikamwita kwa jina la mwanawe.

"Baba Sattam, Nawfa ana neno lake."

"Neno gani tena? Kina mama mna maneno mengi kuliko mawakili."

Nikamwambia. Akacheka kwanza. Kisha akakunja uso.

"Mwanamume wa nje amshike dada yangu mkono, barabarani, mchana kweupe?"

"Alimbeba mikononi akiwa anavuja damu, mbele ya mtaa mzima. Hukusema kitu."

"Hiyo ilikuwa ajali."

"Na hii ni dawa yake. Kama mkono unakuudhi, ashike kile chuma chake upande mmoja. Lakini avuke naye. Lisemwe kabla ya kikombe, Mnawir. Baada ya kikombe hakuna kitu."

"Nitasema."

"Apa."

"Mama Hamdan, nimesema nitasema. Nenda kapike kahawa, na usiiunguze kama ile ya msiba."

Nikaenda nikaipika. Niliikaanga mwenyewe, nikaitwanga na iliki. Nawfa tulimteremsha kwa Mnawir, tukamlaza chumba cha ukuta mmoja na ukumbi, akavaa mtandio wake mzuri ingawa hakuna mtu ambaye angemwona.

Ujumbe ulijaza ngazi. Wazee wa kwao, wazee wa jirani, watu wenye majoho ya kifahari ambao hatujawahi kuwaona. Mzee wao akawekewa kikombe mbele yake, na kama inavyopasa hakukigusa. Akasema maneno marefu ya kuisifu nyumba yetu, kwamba wamekuja kwa watu wa heshima na wana haja, na kahawa hii hawatainywa mpaka haja yao ipokelewe. Nilikuwa nyuma ya pazia na dele la kahawa mkononi. Nilimwona Mnawir anajaa kama mkate tanurini. Hajawahi kusifiwa na wanaume wengi vile kwa wakati mmoja. Nikangoja.

Akasema, "Kunyweni kahawa yenu. Mlichokijia mmekipata. Tumesamehe kwa ajili ya Mungu, na kwa ajili ya Mtume wake, na kwa heshima ya nyuso zenu, na hatutaki sharti lolote."

Wakamshukuru kwa sauti moja. Wengine wakasimama kumbusu kichwa. Upande wa pili wa ukuta, Nawfa alisikia vikombe vikirudishwa kwenye sinia. Nilipoingia alikuwa amekaa, mikono mapajani.

"Alisema?"

"Hakusema."

Akafungua mtandio taratibu, akaukunja, akaniambia, "Labda alisahau. Watu walikuwa wengi." Ndivyo alivyo. Mimi sivyo nilivyo.

Usiku huo Mnawir alinijibu kwamba mtu hawezi kusamehe kwa ajili ya Mungu halafu aongeze kijisharti cha kuvushana barabara, angechekwa kutoka hapa mpaka Karak. Nikamuuliza ni nani aliyevunjika paja. Akasema aliyebeba jina la nyumba ni yeye.

Basi nikamtafuta Mutaz mwenyewe. Anafanya kazi kwenye duka la matairi nyuma ya soko la mboga. Nilimkuta ameinama na gurudumu, akaniona, akasimama mikono myeusi, uso umempauka.

"Mama. Shangazi hajambo?"

"Hajambo. Anataka uje umvushe barabara."

Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa. Hakucheka. Alijifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu, akasema, "Kumbe ni hilo tu? Mimi nilidhani hataki hata kuiona sura yangu. Mama, nasikia ile breki kila nikilala." Akasema atakuja Alhamisi, wasichana wakishatoka. Akanipa chai nikanywa nimekaa juu ya tairi, na nikarudi nyumbani moyo umekuwa mwepesi. Sikumbuki mara nyingine kama hiyo katika miaka hii.

Alhamisi Nawfa aliamka mapema, nikamsuka, nikamkaza. Tukashuka, tukasimama ukingoni kando ya kibanda. Wasichana wakatoka, wakavuka wakikimbia wenyewe, kila mmoja kwa bahati yake, magari yakiwapigia honi. Wengi walikuja kumkumbatia kiunoni, wakataka kungoja nasi, tukawafukuza waende kula. Watu wa kibanda wakamletea kiti. Tukangoja. Kila kijana mrefu aliyetokea kona ya soko, Nawfa alinyoosha mtandio.

Mutaz hakuja. Alimtuma dada yake, msichana mpole, akafika anahema. Alisema mjomba wao amemkataza. Mjomba amesema kikombe kikishanywewa jambo limekufa; kijana akionekana barabarani anatimiza sharti, itakuwa kama wazee walidanganya pale walipoambiwa hakuna sharti, na mzee wa ujumbe atavunjiwa uso. "Amelia, mama," msichana akasema. "Wallahi amelia." Nawfa akamshika shavu, akamwambia amsalimie kaka yake na arudi kwa kupitia daraja la mbali kule sokoni, asivuke hapa.

Bado tumesimama, gari la mizigo la Mnawir likateremka na mlima. Akatuona, akafunga breki, akasimama juu kabisa ya mistari myeupe. Nyuma yake honi zikaanza.

"Mnafanya nini hapa kama watu wasio na nyumba? Mtaa mzima unawatazama."

"Mnawir," Nawfa akasema kwa upole, "umeziba njia ya watembeao."

"Nani anatembea? Mnataka kwenda ng'ambo? Si mpande, niwavushe."

Mimi nilikuwa na jibu lake mdomoni tayari. Nawfa akanigusa mkono, akasema tupande. Nikampandisha, kile chuma tukakitupa nyuma. Mnawir akageuza pale pale bila kutazama, akaikata taa ikiwa njano inayoelekea nyekundu, simu yake inaita na anaipokea, na Nawfa amefumba macho, ameshika mpini wa mlango kwa mikono yote miwili. Ulikuwa muda mfupi. Akasimama langoni.

"Haya. Umefika. Ndiyo hilo tu lililokuwa linawaumiza vichwa?"

Nawfa akafumbua macho, akalitazama lango kupitia kioo. Mhudumu mwingine, mwanamke kijana aliyeajiriwa kwa muda, alikuwa anafunga. Akatuinamia kwa heshima. Nawfa akamuuliza kama ile bawaba ya juu bado inalia, naye akasema inalia. Akamwambia aitie mafuta ya zeituni, si ya gari. Kisha akamgeukia kaka yetu.

"Nirudishe nyumbani, mdogo wangu."

"Si ulitaka kuja?"

"Nilitaka kuvuka. Nikija hapa kwa gari, nani atawavusha watoto?"

Mnawir akawasha gari. Njia nzima hakupiga honi. Hilo nampa, kwa sababu nililiona.

Likizo ya majira ya baridi imekwisha. Yule mwanamke kijana amepewa kazi ya kudumu, na simlaumu, ana watoto wa kulisha. Lango analifunga vizuri lakini haliachi akaja kuvusha watoto. Nawfa anakaa dirishani kwetu mchana, shule inapotoka. Amefungua kioo, na kila msichana anayekanyaga barabara anamwita kwa jina, kutoka juu kule, mpaka amfikishe upande wa huku. Sauti imeanza kumkauka. Namwekea maji ya anisi.

Mutaz anadaiwa na dada yangu upana wa barabara moja, kwa miguu, mkono kwa mkono. Mjomba wake anadaiwa ruhusa. Na Mnawir anadaiwa neno lile aliloahidi mlangoni pa jiko: awaite wanaume wale wale, wakae pale pale, walisikie. Kahawa nitaipika mimi.